Njia ya Kupandia Tu

Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta wa zizi, haina mtu juu yake, na shokapu yake ya nyuma ilikuwa imezama. Imezama hasa, jinsi inavyozama mtu mzima akikalia kiti. Rasim aliinama, akapima upepo wake, akakuta upepo upo tele. Akajaribu kuinyanyua kwa nyuma, ikamshinda. Akasimama akiitazama. Kisha akafanya wanachofanya wanaume wote wa kijiji cha Podgaj wakikutana na jambo lisilo na maelezo: akalitukana, akaingia ndani kunywa kahawa.

Siku hiyo alikuwa na furaha ya kijinga, na furaha ya namna hiyo huziba masikio. Alikuwa amepata njia.

Rasim aliishi kwa njia za mlimani. Wageni wenye baiskeli za milimani walilala kwake, asubuhi akawapandisha kwa gari lake bovu hadi malishoni, kisha wakashuka pamoja naye msituni mpaka mtoni. Njia ya kushukia isiwe wima mno wala bapa mno. Iwe na kona pana, mizizi ya hapa na pale, mawe ya kumchangamsha mtu bila kumuua. Na huku kwetu Bosnia mtu haingii tu kichakani na panga akakata njia anayoitaka. Chini ya majani bado yamo mabomu ya vita, na bomu halizeeki. Anayetafuta njia hufuata nyayo za waliotangulia, wachungaji na wakata miti na mbuzi wao, na Rasim alishazimaliza zote. Wageni walianza kumwambia, kwa adabu zao, kwamba mwakani huenda wakajaribu mlima wa jirani. Mshirika wake Nazif, mtu wa mjini mwenye mdomo, hakuwa na adabu hizo. Alisema wasipopata njia mpya kabla ya kiangazi, watawatembeza wageni kwa punda, na punda wenyewe ni wao wawili.

Njia aliyoipata haikuwa imepotea. Kila mtu wa Podgaj aliijua. Ilikuwa njia ya jeneza.

Makaburi ya kijiji yako juu, kwenye bega la mlima, na wazee waliitengeneza njia ile kwa ajili ya wanaume wanne wenye jeneza mabegani. Ndiyo maana haina mwinuko wa ghafla. Kona zake ni pana ili jeneza lisiguse mti, na kila baada ya mwendo kuna jiwe bapa la kumpumzishia maiti. Watu huipanda wakiwa na maiti wao, wakazika, kisha hurudi kwa njia ya mbuzi upande wa pili, njia mbaya ya kuvunja magoti. Ya jeneza haishukwi. Rasim mwenyewe aliipanda majira ya baridi yaliyopita, bega lake likiwa chini ya baba yake, Mzee Dervish, na hata siku ile, Mungu amsamehe, macho yake yalikuwa kwenye zile kona.

Sasa ameishuka peke yake, kuijaribu. Hajawahi kushuka njia tamu kama ile. Ni kwenye kona ya mwisho tu ndipo baiskeli ilipokuwa nzito, breki ikaanza kunuka kuungua, naye akasema ni uchovu.

Mama yake, Bi Zejna, alikuwa mtu wa kumtania. Alizoea kuwaambia majirani kwamba mwanawe ana miaka arobaini na ameoa baiskeli, na hata hiyo haimzalii. Siku hiyo hakutania. Aliyatazama matope mekundu kwenye viatu vyake, na tope jekundu liko sehemu moja tu.

"Umeishuka," alisema.

"Njia ni njia, mama. Miti haijui tunapanda au tunashuka."

"Sijauliza miti. Ulisema Bismillahi?"

Rasim hakukumbuka. Alikata kipande cha pita, mkate wa kujazwa mboga, akala amesimama, akabadilisha mazungumzo. Mama yake hakula.

Magharibi ile ngazi za mbao zililia. Hatua moja, halafu mburuzo. Hatua, mburuzo. Mzee Dervish alikuwa na nyonga mbovu tangu mti ulipomwangukia ujanani, na hakuna mwingine nyumbani mle aliyewahi kupanda ngazi namna hiyo. Rasim alifungua mlango wa chumba chake. Ngazi zilikuwa tupu, taa inawaka, na harufu ya kafuri na udongo mbichi ilipita usoni pake, ikaenda chumba cha mbele alikokuwa mama yake.

Alirudi ndani, akafunga mlango, akakaa kitandani. Mtu mwenye miaka arobaini, anayeruka miamba kwa baiskeli, hakuthubutu kwenda kumtazama mama yake.

Asubuhi alikuta vikombe viwili vya kahawa mezani, vyote vimenywewa. Aliviosha. Kesho yake sahani zilikuwa mbili, na ile ya Bi Zejna haikuguswa, ila nyingine ilikuwa safi kama imelambwa. Takia la pembeni mwa dirisha, mahali pa Mzee Dervish, lilikuwa limebonyea katikati na halikuinuka hata alipolikung'uta. Na mama alianza kucheka. Tangu afiwe na mume alikuwa hajacheka, na sasa Rasim alimsikia kila alasiri akinong'ona na kucheka taratibu kama msichana aliyechumbiwa jana, na kila alipocheka, kikohozi kikavu kilimjibu.

Lakini alikuwa anaisha. Pete ilimlegea kidoleni, ikaanguka jikoni. Mashavu yaliingia. Alipomsaidia kuvaa koti, Rasim alihisi mifupa ya mabega ikicheza chini ya nguo, naye akaogopa kuliko alivyoiogopa ile sauti ya ngazi. Alikuwa hana mke wala mtoto. Kilichomfanya arudi kijijini badala ya kufia ugenini kama wenzake ni mwanamke huyu, na mwanamke huyu alikuwa akimtoka mikononi.

"Mama, baba amekufa," alimwambia kwa sauti ya chini, maana chumba cha pili kulikuwa na mtu anayepumua.

"Najua amekufa. Wewe ulimzika. Mimi nilibaki na sufuria, maana wanawake hawapandi."

"Huyo si yeye."

"Anajua ninavyopenda kahawa. Wewe unajua?"

Rasim hakujua. Aliwasha gari, akaenda kumchukua Bi Shaha.

Bi Shaha ndiye anayeyeyushia watu risasi, kazi ya mama yake na bibi yake. Huyeyusha madini hayo ya risasi kwenye kijiko, akasoma, akayamwaga katika bakuli la maji juu ya kichwa cha mwenye hofu, na namna yanavyolia na kuganda humwonyesha kilichomshika. Alimkalisha Bi Zejna, akamfunika shuka, akamwaga. Madini ya moto yakiingia kwenye maji baridi lazima yapige kelele. Kila mtu aliyewahi kukaa chini ya shuka lile anaijua. Safari hii yalizama kimya. Hata mvuke haukutoka. Bi Shaha alilitazama bakuli, akaliweka chini, akamvuta Rasim hadi uani.

"Maiti harudi," alinong'ona. "Usije ukamtukana baba yako kwa kudhani ni yeye. Kila binadamu anazaliwa na jini wake. Anakula naye, analala naye, anazijua siri zake zote. Binadamu akifa, yule hafi. Anabaki kule kaburini, hana nyumba, ana njaa. Njia anayoijua ni ile aliyopandia tu, na akikaa penye kaburi kuitazama, anaona watu wanapanda, hawashuki, basi hajui kama inashukika. Wazee walirudi kwa njia ya mbuzi kwa sababu hiyo. Wewe umemwonyesha."

"Atatoka lini?"

"Atakapomaliza kula. Theluji ya kwanza, kwa nilivyomwona mama yako."

Rasim aliuliza afanye nini. Bi Shaha alisema aliyemshusha ndiye wa kumpandisha, kwa chombo kile kile, akikisukuma kwa miguu. Asimjibu neno. Akifika makaburini arudi kwa njia ya mbuzi, asigeuke nyuma.

Alikwenda asubuhi yake, ukungu umeshuka hadi kwenye mapaa. Aliileta baiskeli mlangoni, akasimama, akasema tu, "Haya, twende." Hatua, mburuzo. Shokapu ilizama hadi mwisho.

Mwanzoni alihesabu miti ili asifikiri. Kisha mkono ukamshika bega, mkono mwepesi, wa mtu anayejishikiza asianguke, na harufu ya kafuri ikamjaa kooni hata mate yakawa machungu, na kadiri alivyopanda ndivyo mzigo ulivyozidi, mpaka tairi la nyuma likawa linachora mfereji katika tope jekundu na yeye anasukuma kwa kifua, macho chini, akisikia nyuma ya sikio lake kile kikohozi alichokisikia maisha yake yote kupitia ukuta wa mbao, kikohozi cha alfajiri za baridi baba yake akiwasha jiko ili mwanawe aamke nyumba ina joto. Kwenye jiwe la kwanza la kupumzishia, sauti ilisema, "Pumzika, mwanangu, utaumia mgongo." Kwenye la pili ilimwuliza kwa nini anamrudisha kwenye baridi. Kwenye la tatu haikusema kitu, ililia tu, kilio cha mzee anayejizuia asisikike, na Rasim naye akalia, akalia kwa sauti, akisukuma, kwa sababu wakati wa mazishi hakulia, alikuwa akitazama kona.

Penye lango la makaburi mzigo uliondoka. Baiskeli iliruka juu mikononi mwake. Hakugeuka. Alishuka kwa njia ya mbuzi amebeba baiskeli begani, akianguka na kuinuka, magoti yanavuja damu, na moyo wake ulikuwa mweupe kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Nyumba ilikuwa imetulia. Bi Zejna alikula mkate na jibini, kesho yake akala supu, rangi ikaanza kumrudi. Lakini hakumsemesha mwanawe. Rasim alijipa moyo kwamba atazoea. Yeye na Nazif walipanga magogo ya misonobari kuifunga njia ya jeneza kwa chini, na Nazif, ambaye hakuambiwa chochote na alikwisha kuyasoma yote usoni mwa rafiki yake, hakufanya mzaha hata mara moja.

Walikuwa wanaziba pengo la mwisho kwa gogo walipomwona.

Bi Zejna alikuwa anateremka kutoka juu, katikati ya njia ile, amevaa ndala za ndani. Alikuwa amepanda kwa njia ya mbuzi, mwanamke wa umri ule, peke yake, na miguu yake ilikuwa imechanika. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuliwa kidogo pembeni, umekunjwa, kama ulioshikwa na mtu anayeuegemea. Alitembea taratibu, akisimama kila baada ya hatua kumsubiri. Na nyuma yake, kwenye tope, Rasim aliona mburuzo ukijichora wenyewe.

Nazif alikimbia. Rasim alibaki.

"Mama," alisema. "Atakumaliza."

"Tupishe, mwanangu."

"Unajua si yeye. Nilikwambia."

"Najua si yeye," alisema Bi Zejna, na sauti yake haikuwa na hasira hata chembe, ndiyo maana iliuma. "Wewe nawe ni mwanangu, lakini uko milimani mwaka mzima. Nikaongee na nani, ukuta? Huyu anakaa. Sogeza hilo gogo, hawezi kuruka."

Rasim angeweza kukataa. Alilisogeza. Ndilo jambo lililomtafuna baadaye, kwamba alilisogeza kwa mikono yake mwenyewe. Wakapita, na yule wa pili alipompita alimgusa bega.

Theluji ya kwanza ilianguka usiku, na asubuhi Bi Zejna alikuwa amekata roho kwenye takia la dirishani, mwepesi kama nguo iliyovuliwa, uso wake umeridhika. Mguu ule mbovu ulishuka ngazi, ukatoka mlangoni, ukapotea. Jini alikuwa ameshiba. Rasim alikaa karibu na mama yake hadi wanawake walipofika kumwosha. Kwa siku zote zile alizobaki naye hakumwuliza anavyopenda kahawa. Aliogopa kuingia chumba kile.

Wakaondoa magogo njiani, wakampandisha. Rasim hakumpokeza mtu bega lake tangu mlangoni hadi juu, wala hakutazama kona yoyote. Walimzika kando ya mumewe, wakasoma, wakasimama wakipuliza viganja. Kisha mmoja mmoja wakaanza kuteremka kwa njia ya mbuzi, wameshikana mikono kwa sababu ya utelezi.

Nazif alibaki langoni. "Rasim," aliita taratibu. "Njia ni huku."

"Tangulia."

"Nitakusubiri."

"Tangulia, ndugu yangu. Usinisubiri."

Nazif alimtazama, akaelewa. Akashuka.

Rasim alisimama hadi sauti zao zilipokwisha. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote wa Podgaj ni nini kitakachomfuata na kitataka nini kwake. Hakusema Bismillahi. Aliingia kwenye njia ya jeneza, akaanza kuishuka kwa mwendo mdogo mdogo, akisimama kila baada ya hatua, kwa sababu mama yake hakuwahi kuwa mtu wa haraka.