Mshale wa Oili Ulipolala

Fundi makochi alikuwa na gari dogo kuukuu. Siku nyingi lilibeba sponji, vitambaa na misumari. Lakini siku za hospitali viti vilipanguswa vizuri, maana abiria alikuwa mama mkwe wake.

Figo za mama huyo zilikuwa zimechoka. Ilimbidi aende hospitali mara kwa mara, alale kando ya mashine, asafishwe damu. Akikosa siku yake, miguu ilivimba na pumzi zikawa fupi. Binti yake aliingia kiwandani alfajiri, kwa hiyo kazi ya kumpeleka ilimwangukia mkwe.

Wawili hao waliheshimiana mno, hata safari zao zikawa za kimya. Mama alikaa nyuma, katikati, akitazama dashibodi. Ndivyo alivyozoea mishale miwili. Mmoja ulionyesha joto la injini. Mwingine ulionyesha presha ya oili. Gari likiwa baridi, mshale wa oili ulisimama juu, na wa joto ulilala chini. Wakishakwenda kidogo, wa joto ulipanda na wa oili ulishuka. Mama aliliona hilo kila safari, akanyamaza. Gari lilikuwa na mwenyewe.

Asubuhi moja walikwama kwenye foleni ndefu. Jua lilikuwa kali na magari hayakusogea. Mshale wa joto ukapanda kuliko siku zote. Mshale wa oili ukashuka, ukashuka, mpaka ukalala kabisa. Taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili ikaanza kupepesa.

Fundi makochi alikanyaga mafuta. Injini ikanguruma, taa ikazima. Alimwambia mama mkwe asiwe na wasiwasi, gari limeshapona.

"Halijapona, baba," mama alisema kwa upole. "Umelikemea tu, likanyamaza."

Alipoachia mafuta, taa ikawaka tena. Safari hii haikupepesa. Mkwe akasema hospitali si mbali, wajikaze. Alichoogopa ni mama kukosa zamu yake. Lakini mama aliweka mkono begani kwake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Zima. Mimi presha yangu ikishuka, wauguzi hawaniambii nijikaze."

Fundi akasogeza gari pembeni, akazima. Akasimamisha teksi, akampandisha mama, naye akafika hospitali kwa wakati. Mkwe akabaki na gari. Alikuwa ameshika kitambaa ili afungue kifuniko cha rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, ndipo alipompigia simu jirani yao, fundi wa magari anayeitwa Mama Spana. Jirani alimkataza kugusa kifuniko hicho. Injini ikiwa moto, maji ya rejeta huruka na kuunguza uso. Akamwambia angoje, atakuja kulivuta gari.

Mama mkwe alipopata nafuu, aliomba apelekwe gereji. Alitaka kujua mshale ule ulilala kwa nini.

Mama Spana aliwakaribisha, akampa mama kiti. Kisha akachota oili baridi kwa kijiko na kuimimina. Ilishuka polepole, nzito kama uji. Akachota nyingine kwenye kopo lililokaa ndani ya maji ya moto. Hiyo ilikimbia kama maji.

"Oili ni ileile," alisema. "Kilichoibadilisha ni joto."

Akaeleza kwamba ndani ya injini kuna pampu inayosukuma oili ipite kwenye njia nyembamba. Oili nzito hupita kwa shida, kwa hiyo presha huwa juu. Ikipata moto inakuwa nyepesi na kupenya upesi, presha inashuka. Kushuka kidogo ni kawaida. Kushuka mpaka taa iwake ni hatari. Ukikanyaga mafuta, pampu inazunguka haraka na taa inaweza kuzima, lakini joto bado lipo palepale.

Mkwe aliuliza oili hiyo inazuia nini hasa. Mama Spana aliwapeleka kwenye injini ya lori iliyokuwa imefunguliwa, akafunua turubai.

Ndani mlilala mhimili mkubwa wa chuma, ule unaozunguka na kuyasukuma magurudumu. Ulikuwa umekwenda miaka mingi, lakini uling'aa kama kioo. Mama mkwe aliinama, akauona uso wake mwenyewe ndani ya chuma.

"Chuma hiki hakigusani na chuma kilichokibeba," alisema Mama Spana. "Injini ikizunguka, katikati yao kuna utando wa oili, mwembamba kuliko unywele. Mzigo wote wa lori, milima yote, umebebwa na utando huo."

Fundi makochi alikuwa ameendesha gari miaka yote bila kujua kwamba alikuwa anaelea. Mama alipitisha kiganja juu ya chuma, taratibu, kama anayempapasa mtoto aliyelala.

Kisha wakaonyeshwa mhimili mwingine, uliotupwa pembeni. Huo ulikuwa na mikwaruzo mirefu na madoa ya buluu ya kuungua. Dereva wa gari ulimotoka aliiona taa akaendelea. Oili iliposhindwa kubeba, vyuma vilisagana, vikazidisha joto, na joto likazidi kuidhoofisha oili.

Gari lao lilikuwa limezimwa mapema, likapona. Waya wa feni ulikuwa umeungua, ndiyo maana kwenye foleni injini haikupata upepo. Tena oili ilikuwa imepungua, na ilikuwa nyepesi isiyofaa gari lile. Mama Spana akabadilisha waya, akaweka oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Akamfundisha mkwe kupima oili kwa kijiti, gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa na imetulia. Akamwonya pia asiipigishe injini kelele ikiwa baridi, kwani oili nzito huchelewa kufika juu.

Tangu hapo fundi makochi hakuwasha gari siku ya hospitali kabla ya kupima oili na maji. Na wala safari zao hazikuwa kimya tena. Mama alimsomea mishale kutoka nyuma, naye aliitikia.

Siku moja wakanasa tena kwenye foleni, jua la mchana likiwaka. Mshale wa joto ukapanda. Mkwe akashika usukani kwa nguvu. Mara feni ikaanza kuvuma. Mshale wa joto ukasimama. Ule wa oili ulishuka kidogo, ukatulia mahali pake, na taa haikuwaka.

"Zima redio, baba," mama alisema.

Akazima. Wakakaa wawili hao, wakiisikiliza injini inavyozunguka juu ya oili yake, mpaka magari ya mbele yakaanza kusogea.