Karatasi Arobaini za Profesa

Mteja alikuwa mpishi wa shule, mama mnene mcheshi, na alikuwa amebana tumbo. Fundi aliliona hilo mara moja. Miaka ishirini na miwili ya kushona nguo ilikuwa imemfundisha kwamba mtu akiona tepu tu, anavuta pumzi na kujifanya mwembamba. Ukimpima hapo hapo, umekwisha. Gauni litamkaba, na lawama zote zitakuangukia wewe.

Kwa hiyo Fundi hakupima. Alishika tepu mkononi, akamuuliza mpishi habari za jiko jipya la shule. Mpishi akaanza kulisema lile jiko, jinsi linavyotoa moshi kupita chakula. Alipofika kwenye moshi, tumbo alikuwa amelisahau. Likashuka taratibu mahali pake. Fundi akazungusha tepu, akaandika namba, basi.

Karibu na mlango alikaa mama yake Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Kazi yake pale ilikuwa kushona vifungo kwenye mashati ya shule. Aliinamisha uso kwenye shati ili mteja asione anavyocheka.

Mkewe Fundi alikuwa ofisa wa ustawi wa jamii. Alifanya kazi kwenye dawati la watoto, upande wa pili wa mji. Mwaka huo alikuwa kwenye likizo ya masomo, anasomea shahada ya uzamili. Majirani walimwita Profesa, kwa utani na kwa fahari pia. Fundi mwenyewe aliacha shule darasa la sita, lakini ukimuuliza mkewe anasomea nini, alikueleza mpaka uchoke.

Utafiti wa Profesa ulihusu wazee. Serikali ilikuwa na kadi ya matibabu ya bure kwa ajili yao. Mzee alitakiwa kwenda ofisi ya ustawi ya mtaa, ajibu maswali, ajaziwe fomu, kisha arudi mara ya pili kukamilisha. Ajabu ni kwamba katika kila wazee kumi walioanza, sita hawakurudi tena. Profesa alitaka kujua kwa nini, na viongozi wa ofisi walikuwa na mchango gani katika hilo. Alikuwa ameandaa karatasi arobaini za maswali, kila mzee na yake. Kazi ilitakiwa ifike chuoni kabla likizo yake haijaisha, na likizo ilikuwa imebakiza wiki tano.

Hapo ndipo mtoto wao mdogo akashikwa na homa, akalazwa. Profesa akahamia hospitali. Karatasi arobaini zikabaki juu ya meza, zinamtazama Fundi kila anapokunywa chai.

Siku ya pili Fundi akaona haya ni mambo ya kusaidiana. Akazibeba karatasi hadi kwenye chumba chake cha kushonea. Kila mzee aliyepita alimkaribisha kwenye benchi, akamsomea maswali kwa sauti, akamwandikia majibu. Wengine aliwafuata majumbani. Kabla ya swali la kwanza aliwaambia wote maneno yale yale: mke wangu yuko kwenye mtihani, nisaidieni apite.

Wazee walimpenda Profesa. Nani angekubali afeli kwa sababu yake? Walijibu vizuri, vizuri sana, hakuna tatizo kabisa. Siku moja karani wa dirishani wa ofisi ile ile ya ustawi alikuwa amekaa kwenye benchi, anasubiri kupunguziwa suruali. Wazee watano waliojibu siku hiyo walimsifu mbele yake kama bwana harusi. Karani mwenyewe aliona haya, akaangalia viatu vyake.

Karatasi ya arobaini Fundi aliijaza peke yake.

"Mama, yako nimekujazia," alimwambia Bibi.

"Umeniuliza saa ngapi?"

"Nakuuliza nini, mama? Si nakujua?"

Bibi akakata uzi kwa meno, akavuta shati jingine.

Mtoto alipopona wakarudi nyumbani. Profesa alizikuta karatasi zimepangwa vizuri, zimefungwa kwa utepe wa kitambaa. Alisita. Alimtazama mumewe, akaziangalia karatasi, akahesabu wiki zilizobaki. Kisha akafanya kosa lake mwenyewe. Alizipeleka kwa msimamizi wake chuoni bila kuuliza swali hata moja.

Wiki iliyofuata msimamizi akamwita.

Profesa alirudi mchana, akaingia chumba cha kushonea bila salamu, akakaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani. Fundi alisimamisha cherehani. Mkewe alieleza polepole, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Msimamizi alikuwa ametandaza karatasi zote mezani. Arobaini zimeandikwa mwandiko mmoja. Arobaini zinasema mambo ni mazuri sana. Alimuuliza jambo moja tu: kama mambo ni mazuri hivi, mbona wazee sita kati ya kumi hawarudi? Karatasi zile hazifai. Ama akusanye upya ndani ya wiki tatu, ama asubiri mwaka ujao. Na mwaka ujao hakuna likizo nyingine. Miaka miwili ya masomo ingekwenda na maji.

"Alitaka kujua nani aliyeuliza maswali," alisema Profesa. "Nikamwambia sikuwa mimi, na nilikosea kupokea."

Fundi alihisi masikio yanawaka moto.

"Niliwaambia uko kwenye mtihani," alisema. "Niliwaambia wakusaidie upite."

Fundi alitegemea kelele, na angezipokea. Badala yake mkewe alifunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika, na Fundi hakujua kama analia au anacheka. Ilikuwa vyote viwili.

"Baba watoto," alisema mwishowe, "wewe una moyo mzuri, na umenimaliza."

Kisha akamweleza, kwa sababu Fundi aliomba aelezwe. Utafiti si mtihani. Hakuna jibu la kumfanya mtu apite. Jibu linalofaa ni lile la kweli, hata likiwa chungu. Kwanza unamweleza mtu unataka kujua nini na kwa nini. Halafu unamwomba ridhaa, yaani anakubali kwa hiari yake, na akikataa unamshukuru na kumwacha. Jina lake huliandiki. Unakaa naye mahali ambapo hakuna wa kumsikia. Na humwekei maneno mdomoni.

"Wewe umewauliza kwenye benchi," alisema, "na anayesemwa kakaa pembeni anasubiri suruali."

"Alikuwa mteja," alijitetea Fundi, kwa sauti ndogo.

Hapo Bibi akaweka shati chini.

"Mwanangu," alimwambia Fundi, "mpishi wa shule alipobana tumbo, ulifanyaje?"

"Nilimsubiri apumue."

"Basi sisi wazee wote tulibana matumbo. Wewe ukatupima hivyo hivyo."

Fundi aliangalia tepu iliyoning'inia shingoni mwake kana kwamba imewekwa na mtu mwingine.

"Na wewe, mama?" aliuliza. "Nilikujazia nini ambacho si kweli?"

Bibi alikuwa mwanamke wa mzaha, asiyependa kujieleza.

"Nilikwambia fomu yangu imekwama ofisini. Fomu haikukwama. Niliyekwama ni mimi."

Alisimulia huku akiviringisha uzi kidoleni. Alikwenda ofisini miezi minane iliyopita. Pale kuna dirisha moja la kioo. Karani anauliza kutoka ndani, mzee anajibu kutoka nje, na nyuma yake kuna foleni ya watu thelathini. Karani alipaza sauti. Unaishi na nani? Wanakutunza? Chooni unajimudu? Nyuma yake Bibi alimwona jirani yake wa ukuta mmoja, na mwalimu aliyewafundisha wanawe. Akasema amesahau miwani nyumbani, akaondoka. Hakurudi.

"Na vidonge vyako vya presha?" aliuliza Profesa. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Si ulisema unapewa kule zahanati?"

"Bila kadi nanunua, basi navikata. Nusu leo, nusu kesho. Vinanifikisha."

Fundi alisimama, akakaa tena. Miezi minane mama yake alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwenye cherehani yake, na yeye alikuwa amejiona anamjua.

Jioni hiyo walimpeleka Bibi zahanati. Muuguzi alipima presha, akakunja uso, akawaambia wamekuja wakati mzuri. Dawa ya presha haikatwi nusu kwa kubana matumizi, alisema. Inamezwa kama ilivyoandikwa, kila siku, hata siku mtu anajisikia mzima. Tangu siku hiyo Fundi alimpa mama yake kidonge kizima kila asubuhi kwa mkono wake, na alisimama mpaka kimemezwa. Bibi alilalamika kwamba nyumbani kumeota askari.

Profesa alianza upya. Msimamizi alikubali, kwa masharti. Karatasi za kwanza ziwekwe kando kabisa, na kwenye tasnifu yake aandike wazi kwamba aliziacha na kwa nini. Maneno ya Bibi pia asiyahesabu, kwa sababu ni mama mkwe wake. Lakini yalikuwa yamemwonyesha cha kuuliza. Zamani swali la kwanza lilikuwa: Je, unaridhika na huduma? Sasa likawa: Nisimulie siku uliyokwenda ofisini, tangu ulipotoka nyumbani.

Fundi alipewa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwazungukia wazee wote kuwaomba radhi. Hiyo ilimtoa jasho. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa huruma:

"Kwa hiyo mkeo hakupita?"

"Aliyefeli ni mimi, mzee."

"Pole. Tungejua, tungesifia zaidi."

Kazi ya pili ilikuwa kutoa chumba cha ndani, kile wateja wanamojaribia nguo. Kilikuwa na mlango, viti viwili na kioo. Fundi alikigeuza kioo kikatazama ukuta, ili mtu asijione anavyosema. Hilo hakuagizwa na mtu. Mzee akiingia na Profesa, Fundi alifunga mlango, akakaa na cherehani yake nje, akaikanyaga kwa nguvu hata kama hakukuwa na nguo chini ya sindano. Kelele zile zilikuwa ukuta wa pili.

Wazee saba walikataa kuongea. Profesa aliwashukuru, akawapa chai. Waliobaki waliongea. Wengine walitoka macho mekundu, wengine wametulia kama waliotua mzigo. Fundi aliwashwa ulimi kuuliza walisema nini. Mara moja tu alijaribu, mezani. Mkewe alimsogezea bakuli la mboga, akamwambia ale.

Siku moja aliingia karani wa dirishani. Hakuleta suruali. Alikuwa ameombwa aje, na akakubali. Alikaa ndani saa nzima. Baadaye alimruhusu Profesa kumwambia mkuu wa ofisi aliyoyasema, kwa kuwa hata hivyo angejulikana. Alisema alikuwa akipaza sauti kwa sababu kioo ni kinene na wazee wengi hawasikii vizuri. Alikuwa ameandika barua mbili kuomba chumba. Hakujibiwa hata moja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyewekwa nyuma ya kioo, akaachwa huko.

Tasnifu ilifika chuoni siku tatu kabla ya mwisho. Ilikubaliwa, kwa marekebisho machache. Lakini Profesa hakutaka ilale kabatini. Aliifupisha ikawa kurasa mbili, bila jina la mzee hata mmoja, akampelekea mkuu wa ofisi ya ustawi. Mkuu alizisoma huku Profesa amekaa mbele yake. Alipofika kwenye barua mbili za karani, aliinuka, akafungua droo, akazikuta. Akazisoma pale pale.

Hakuna sheria ya nchi iliyobadilika. Kilichobadilika ni stoo moja ya ofisi ile. Ilikuwa imejaa viti vibovu. Viti vikatolewa, ukuta ukapakwa rangi, mlango ukatengenezwa, meza na viti viwili vikaingizwa. Maswali kuhusu mwili yakahamishiwa kwa muuguzi. Kila Ijumaa mkuu alianza kukaa na makarani wake, kusikia kinachowakwamisha. Miezi mitatu baadaye karani alihesabu tena. Katika kila wazee kumi walioanza, wanane walirudi kumaliza.

Bibi alikuwa mmoja wao. Fundi alimsubiri nje ya ule mlango mpya. Mama yake alipotoka na kadi mkononi, alimuuliza mle ndani wamemuuliza nini.

"Mambo yetu," alijibu Bibi, akaitia kadi kwenye mfuko wa gauni.

Wiki ya mahafali ilipokaribia, Profesa alihitaji gauni la kuvaa chini ya joho. Fundi alikuwa ameshanunua kitambaa, cha buluu, bila kumuuliza. Halafu akakumbuka, akauliza. Mkewe alisema kizuri. Fundi alimtazama usoni mpaka akahakikisha kwamba anamaanisha.

Mkewe akasimama katikati ya chumba, mikono kando. Bibi alikuwa mlangoni na vifungo vyake. Fundi alivua tepu shingoni, akaikunjua, na Profesa, mwanamke wa shahada mbili, akavuta pumzi na kubana tumbo.

Bibi akainamisha uso kwenye shati.

Fundi akarudi nyuma hatua moja, tepu mkononi, akamsubiri apumue.