Mhakiki wa Pili Hana Jina

Pikipiki ya mbele ilikata kona, ikapanda ukingo wa barabara, ikazama kwenye uchochoro wa mafundi viatu.

Kipanga hakugusa breki.

Yamaha yake iliruka rundo la matairi chakavu, ikatua, ikayumba, ikakaa sawa. Fundi mmoja akakumbatia cherehani yake kama mtoto. Mwingine akatukana mpaka jasho likamtoka.

"Kipanga, unanipata?" Sauti ya Mzee, bosi wake, ilikwaruza kwenye kidude cha sikioni.

"Nakupata, Mzee."

"Unamkimbiza nani?"

"Msaliti."

"Nimekuuliza kazi yake, sijakuuliza moyo wako unasemaje."

"Mtakwimu wa jarida."

"Yule anayekula chakula cha mchana na mtalaka wako?"

"Hiyo haihusiani kabisa, Mzee."

Ilihusiana sana tu.

Agizo la Idara ya usalama lilikuwa limeingia kwenye simu asubuhi, maneno mawili: KISIMA KIMETOBOKA. Maana yake, makala ya siri ya jarida la tiba imevuja. Na haikuwa makala ya mchezo. Daktari mmoja kijana, Idara nzima ilimwita Binti Maabara, aligundua kwamba dawa mpya ya kikohozi ya watoto inaharibu figo. Dawa yenyewe imeingizwa na kampuni moja ya nje. Katoni zimeshapakiwa kwenye malori. Leo jioni yanaelekea wodi za watoto.

Makala ikichapishwa leo, malori hayatoki.

Ikikataliwa, yanatoka.

Na jarida halichapishi hivi hivi. Kila makala inapelekwa kwa wahakiki wawili, wataalamu wa fani hiyo hiyo, waisome kwa siri waseme inafaa au haifai. Mwandishi hajui ni akina nani. Anayejua ni mhariri mkuu peke yake. Mhakiki wa kwanza alisema chapisha. Wa pili alisema tupa. Na kuna mtu alipiga picha kurasa zote akairushia kampuni.

Kabla halijavuja, faili lilifunguliwa na watu wanne tu: mhariri mkuu, wahakiki wawili, na mtakwimu wa kukagua hesabu.

Kipanga aliposoma neno mtakwimu akafunga kesi palepale kichwani. Mrefu. Meno meupe. Shati limenyooka kama alizaliwa nalo.

Uchochoro ukaishia ukutani.

"Mikono juu!" Glock mkononi. "Fungua begi!"

"Kaka, taratibu, nafungua!"

Ndani kulikuwa na kompyuta, chaja na jozi ya viatu vya kike vyekundu, visigino vipya kabisa.

Kipanga akavitambua. Alivinunua yeye, enzi zile.

"Hivi vya nani?" Sauti ilimtoka nyembamba.

"Vya mhariri. Aliniomba nivipitie kwa fundi. Kosa?"

"Na mbona ulikimbia?"

"Mtu ananifuata na bastola halafu nimsubiri nimsalimie?"

Kipanga akamtia pingu hivyo hivyo. Zote mbili akazikaza tundu moja zaidi ya inavyotakiwa.

*

Ofisi ya jarida ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi. Feni linalolia. Birika la umeme. Makaratasi mpaka kwenye dirisha. Kwenye benchi, Binti Maabara alikuwa amekaa na koti jeupe magotini, kucha ameshazitafuna zote.

Mhariri mkuu aliinua macho. "Baba Pacha, mfungulie pingu mtu wangu."

"Mtu wako?"

"Wa hesabu! Usianze."

Kipanga akafungua. Polepole, apate muda wa kumkata jicho. "Haya, nipe jina la mhakiki wa pili."

"Sitoi."

"Watoto watakufa, mama!"

"Unafikiri mimi nimelala? Tangu nione alivyoandika kwa hasira nimemtafuta mhakiki wa tatu, jibu lake limeingia sasa hivi. Anasema chapisha. Lakini wa pili ni mtu mzito, wahariri wenzangu watamfuata yeye. Siwezi kumfuta kwa kuhisi tu."

"Basi niambie nimbane."

"Nikikwambia wewe leo kwa sababu una bastola, kesho nitamwambia mwenye bastola mwingine. Nani tena atakubali kuhakiki kwa uhuru?" Akachukua faili lake. "Niletee ushahidi kwamba ameficha maslahi yake, namfuta mwenyewe. Kikao cha wahariri kinaanza." Akavua ndala, akavaa vile vyekundu, akamwambia mtakwimu, "Asante, jamani, mkono wako una baraka."

Kipanga akazisokomeza pingu mfukoni.

Mkono una baraka! Yeye alibeba begi la hospitali siku pacha wanazaliwa, nani alisifia mkono?

"Maoni yake ninayo mimi," Binti Maabara alisema ghafla. "Mwandishi hupewa maoni. Jina tu ndio hapewi." Akampa simu.

Kipanga akasoma. Matusi ya kisomi, maneno marefu, hakuelewa nusu. Mtakwimu akachungulia begani kwake. Kipanga akasogeza bega. Mtakwimu akasogea nalo.

Halafu akacheka.

"Nini?"

"Kaka, huyu kajianika! Soma hapa. Anasema dada amepuuza kazi kubwa zilizotangulia, azitaje zote ndipo makala isomeke. Kazi sita. Zote sita za mtu mmoja. Nani atalilia kazi za mtu mwingine kwa uchungu huu?"

Binti Maabara akafunika mdomo. "Ni Profesa wangu. Ndiye aliyenisimamia mpaka nikahitimu."

Kipanga alitamani jibu hilo litoke kwa mtu yeyote duniani. Yeyote. Sio huyu.

"Hata mimi nilikuwa nafikia hapohapo," akasema, akashuka ngazi tatu tatu.

*

Droni ndogo kama nyigu ilipanda mpaka dirisha la ofisi ya Profesa. Kwenye skrini ya Samsung watu wawili walionekana. Mmoja mwenye mvi na tai. Mwingine mgeni, suti ya kijivu, kapoteza shingo.

Kipanga akapita mapokezi na kitambulisho cha fundi wa kiyoyozi. Akachomoa kalamu yenye kinasa sauti kilichounganishwa na simu yake, akaibandika juu ya mlango, akapiga namba ya mhariri.

"Weka spika. Kikao chote kisikie."

"Baba Pacha, kama huu ni wivu wako..."

"Weka spika."

Sauti ya mgeni ikapenya. "Malori yanakusubiri wewe tu. Umeshaiua makala?"

"Imekufa tayari," Profesa alijibu. "Na ile ya kwetu, inayosema dawa ni salama?"

"Jina lako ndilo litakalotangulia. Kama ulivyotaka. Hela umekataa, sisi tunashangaa mpaka leo."

"Hela!" Kiti kikalia. "Nimemfundisha mimi kushika pipeti! Alikuwa anatetemeka mkono! Leo anapigiwa makofi kwenye mikutano, mimi nakaa nyuma namshikia kikombe cha chai? Bora dawa iingie. Bora chochote. Asinipite."

Kipanga akasimama pale na mkono kwenye kitasa.

Aliijua sauti ile. Ilikuwa yake mwenyewe, kule uchochoroni.

Akaufungua mlango kwa teke.

Mgeni alikuwa mwepesi. Bastola ikatoka, risasi ikapasua kabati la vioo. Kipanga akalala, akanyakua juzuu la majarida ya miaka kumi lililojalidiwa pamoja, akalirusha. Likampata mgeni katikati ya paji la uso. Akadondoka kama gunia.

Profesa akabaki amekaa. "Wewe nani?"

"Mhakiki wa tatu na nusu," Kipanga akasema, akamfunga pingu. Safari hii hakukaza.

Kwenye simu, mhariri alikuwa anaongea na kikao. "Mhakiki wa pili ameficha maslahi yake na ametoa makala nje. Maoni yake yamefutwa. Wa kwanza na wa tatu wamekubali. Kuna anayepinga?"

Hakuna aliyepinga.

"Chapisha."

Muda si mrefu Mzee akaingia hewani. "Kipanga! Wizara ya Afya imeshaisoma. Polisi wamefunga geti la ghala, hakuna lori hata moja lililotoka."

*

Nje ya ofisi ya jarida, Binti Maabara alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Simu ya Kipanga ikatetemeka.

"Yule mtakwimu," Mzee akasema. "Idara inamtaka. Ana jicho. Wewe ndiye umemwona kazini, nipe neno moja tu. Anafaa, hafai?"

Kipanga akatazama juu. Dirishani, mtakwimu alikuwa anasema kitu, na mama wa pacha anacheka kile kicheko chake cha kuinamia meza.

Neno HAFAI lilikuwa ulimini kabisa. Tamu.

"Mzee, tafuta mtu mwingine ampime."

"Kwa nini? Ana kasoro?"

"Mimi ndio nina kasoro. Namwonea wivu."

Mzee akakohoa. "Hiyo niiandike hivyohivyo?"

"Iandike."

Akavaa helmeti, akawasha Yamaha, akaingia barabarani taratibu kama mtu asiye na habari na dunia.

Hakugeuka nyuma.

Ila kwenye kioo cha pembeni aliangalia, tena mpaka kona ya mwisho.