Mlango wa Jumba la Madirisha Arobaini

Mchanga ulikuwa mweupe, na ubaya wenyewe ulianzia hapo. Ardhi ya Nkowe, kijiji chetu, ni nyekundu. Inashika kwenye kanga, inaingia kwenye kucha, hata kuku mweupe wa huku ikifika jioni humtambui. Sasa mchanga mweupe, laini, wenye vipande vya kombe za baharini, unafikaje kwenye kizingiti cha Zaina asubuhi tatu mfululizo, wakati bahari iko Lindi na nyumba nzima hakuna aliyerudi Lindi tangu mlango uletwe? Zaina aliufagia. Siku ya nne akaufagia tena huku akimsema fundi kwamba alichanganya zege na kuacha uchafu. Binadamu akitafuta sababu hakosi.

Mlango wenyewe aliuleta mumewe, Shaban. Msimu ule korosho zilimkubali, akajenga nyumba ya tofali za kuchoma, na kama ilivyo kwa wanaume wakishapata kidogo, akataka watu wasimame barabarani waangalie. Akasikia kwamba kule Lindi, ufukweni, Jumba la Madirisha Arobaini linauzwa vipande vipande. Jumba hilo lina jina. Hata ambao hawajawahi kuiona bahari wamesikia habari zake, ingawa waliohesabu madirisha hawajawahi kupata idadi moja. Basi Shaban akarudi na mlango wa mbao mbili, umechongwa maua juu hadi chini, na wanaume sita wakaushusha kwenye lori. Zaina alicheka mpaka akakaa chini: nyumba ya vyumba vitatu, mlango wa kisultani. Hajra, binti yao wa pekee, mwenye miaka tisa, alipitisha kidole kwenye kila ua akiyapa majina.

Siku ya tano, jua likiwa utosini, saa ambayo watu wazima wanakuonya usipite makaburini, Zaina alikuwa uani anapepeta ufuta. Akasikia mtoto mlangoni. Alikohoa kidogo kwanza, halafu akasema, "Mama, nifungulie. Miguu yangu ina mchanga."

Sauti ya mvulana, na Zaina hakuitambua. Lakini nani huku kwetu anamhoji mtoto aliyesimama mlangoni kwamba we wa nani? Mtoto ni mtoto, akifika kwako ni wako, utamuuliza jina akishakunywa maji. Zaina hata hakuinua macho kwenye ungo. Akamjibu kama ambavyo mama yeyote angejibu: "Ingia tu, mwanangu, hapajafungwa."

Hakuna aliyeingia. Ulipita upepo wa baridi katikati ya nyumba, ukinuka chumvi na mwani uliooza, ukatokea uani, ukamwaga ufuta wote chini.

Alhamisi Hajra akashikwa na homa. Kipimo kilisema malaria, na mimi sina ugomvi na kipimo. Jumamosi walimzika.

Msiba wa mtoto mmoja wa pekee hauna mwisho mzuri wa kuuelezea. Watu walikuja, wakalala, wakapika, wakaondoka. Leah, mke wa Masanja, wale wafugaji waliohamia na ng'ombe zao kutoka kanda ya ziwa na kuweka boma nje kidogo ya kijiji, alileta maziwa kila asubuhi kwa siku arobaini, akimshika mkono mwanawe Luka. Hakuwa na maneno mengi. Alikaa tu karibu na Zaina mpaka kibuyu kikaisha.

Siku ya arobaini na moja, jua utosini, sauti ikarudi mlangoni. Safari hii haikuwa ya yule mvulana.

"Mama, nifungulie. Nimebeba mabibo, mikono imejaa."

Zaina alijikuta amekaa sakafuni nyuma ya mlango, na hakukumbuka alivyofika hapo. Ilikuwa sauti ya Hajra, na lile pengo la jino la mbele lilisikika kwenye kila neno, na harufu ya mabibo mabivu ya mkorosho ilipenya kwenye ufa wa mbao mbili ikichanganyika na ile ya mwani, tamu na chafu kwa pamoja, na chini ya mlango kivuli cha miguu miwili midogo kilihama kidogo, kama mtu aliyechoka kusimama na mzigo anapobadilisha mguu, kikatulia, kikahama tena.

Shaban alimkuta hapo. Alisikia na yeye. Alimshika mkewe mabega, akanong'ona, "Mama Hajra, huyo si yeye."

"Najua."

"Basi usimjibu."

"Sijamjibu. Namsikiliza tu."

Na ikawa hivyo kila siku. Shaban alisoma Yasini. Sauti ilinyamaza kwa adabu hadi mwisho wa kisomo, ikaanza upya. Shaban akawa anashinda mikoroshoni ili asisikie. Zaina akaacha shamba ili asikie. Masanja alipoutamani mlango kwa ajili ya nyumba anayomjengea Leah, Shaban alimkubalia haraka mno, na Zaina akamkatalia mumewe kwa ukali ambao hawakuwahi kuujua katika ndoa yao. Alisema akiuona mlango unatoka, na yeye anatoka. Kisha akaingiwa na hamu ya kujua. Yule mvulana wa kwanza alikuwa nani? Jina la mwanamke aliyeuza mlango Shaban alikuwa nalo, Bi Mwamina, na siku hizi alikuwa akiishi Nachingwea kwa mtoto wa dada yake. Alfajiri moja Zaina akapanda bodaboda mpaka Ruangwa mjini, na kutoka hapo gari.

Alimkuta bibi mwembamba anachambua mchele barazani. Zaina akamsimulia, na alipofika kwenye maneno ya miguu yenye mchanga, vidole vya bibi vikasimama ndani ya sinia.

"Alikohoa kabla ya kusema mama?" Bi Mwamina aliuliza.

"Alikohoa."

"Habibu huyo. Mwanangu." Uso wote ulimfunguka, kama mtu aliyeletewa salamu za ndugu wa mbali. "Bado anaita?"

"Hapana, bibi. Sasa anaita wangu."

Bi Mwamina alijifunika kanga usoni, akalia bila sauti kwa muda mrefu. Alipojifunua alisema mwanawe alikufa miaka kumi na minane iliyopita, lakini kwake yeye amekufa leo asubuhi hii. Ndipo akamweleza habari za jumba, tangu msingi.

Alilijenga mfanyabiashara mmoja, Nasoro bin Hemedi, tajiri wa pembe na mpira wa porini. Msingi wake uliliwa na maji mara tatu. Mara ya nne akaambiwa kwamba pale ufukweni pana mwenyewe, na mwenyewe si mtu. Nasoro, mjanja wa biashara, akapatana naye: jini amwachie nyumba isimame, naye atampa mlango. Jini atakuwa mtu wa mlangoni, hataingia ndani mpaka mwenye nyumba amkaribishe kwa kinywa chake. Akadhani amemweza. Nyumba ikasimama, madirisha yakahesabiwa na kupotezwa hesabu. Lakini aliyewekwa mlangoni miaka yote hujifunza kuomba. Siku moja aliomba kwa sauti ya ombaomba, na mke wa Nasoro, mwanamke wa huruma, akamwambia ingia. Wiki hiyo hiyo binti yao akafa, na kuanzia siku hiyo jini akawa anaomba kwa sauti ya binti yao.

Nasoro akaliuza jumba kwa Mhindi wa ufuta, wala hakusema kitu. Mke wa Mhindi akasikia mtoto wa kike mlangoni, akamwonea huruma. Mhindi akamzika mwanawe, akamuuzia Mgiriki wa katani, naye hakusema kitu. Mgiriki akamzika wake, akaondoka. Baadaye lilifanywa ghala, na ghala halina mtoto, kwa hiyo palikuwa kimya. Ndipo mume wa Bi Mwamina, karani wa bandari, alipouziwa vyumba vya mbele pamoja na mlango, wakahamia na Habibu wao wa miaka saba.

"Tulimsikia mtoto analia mlangoni kwa lugha tusiyoijua," Bi Mwamina alisema. "Lakini mtoto anayelia mlangoni ana haja gani ya mkalimani? Nikafungua. Nikasema karibu, baba, ingia."

Zaina akauliza kwa nini mlango haukuchomwa. Bibi akamtazama kwa huruma. Alisema wote waliambiwa hivyo hivyo, kila mmoja na mganga wake: agano liko kwenye mlango, mlango ukiwa majivu agano limekwisha, ila moto uwashwe na mkono wa yule aliyesema ingia. Mkono mwingine hauwashi.

"Kuuza tuliweza, mwanangu. Kuchoma nani aliweza? Uwashe moto huku mwanao anakuomba umfungulie? Nikauza nikanyamaza. Ningesema, nani angenunua? Mimi nilitaka awe mahali. Usiku nikilala najua yuko mahali, anabisha hodi."

Simu ya Zaina ikaita. Alikuwa Shaban, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. Alisema asimkasirikie, ameona bora iwe hivyo wakati hayupo. Masanja ameuchukua mlango asubuhi kwa mkokoteni wa ng'ombe.

Zaina hakuaga vizuri. Njia nzima alimpigia Masanja, hapatikani, akampigia Leah, hapatikani. Kutoka Ruangwa alimwambia wa bodaboda asisimame popote, na bado alasiri ilikuwa imeingia alipofika bomani. Shaban alikuwa amemtangulia, amesimama nje ya miiba ya boma bila kuingia wala kuondoka, maana alishaisikia sauti ya mwanawe ndani.

Mlango ulikuwa umeegemezwa kwenye ukuta mtupu wa nyumba isiyoezekwa. Nyuma yake palikuwa na tofali tu. Luka, wa miaka minne, alikuwa amechuchumaa mbele yake, sikio kwenye maua ya kuchonga. Leah alikuwa kivulini anasukasuka kibuyu cha maziwa.

"Mayu," Luka alimwita mama yake, "kuna dada. Ana mabibo. Anasema mikono imejaa."

Leah aliinua kichwa akitabasamu, akafungua mdomo ajibu, na Zaina akaufunika mdomo ule kwa kiganja chake. Kibuyu kikaanguka. Wakabaki hivyo, wanawake wawili wakitazamana kwa karibu mno, na Zaina akamnong'oneza yote, tangu Nasoro mpaka Hajra, bila kuficha kitu. Alipomaliza akaondoa mkono.

Leah alimnyanyua mtoto wake kwanza. "Mlijua, mama Hajra?"

"Nimejua leo. Lakini mumeo aliuziwa bila kuambiwa, na sisi tulikuwa tunasikia. Nisamehe."

Leah hakusema amesamehe. Alikwenda ndani, akarudi na mafuta ya taa na kibiriti. "Niwashe mimi?" aliuliza. "Wewe ni mama yake."

"Kwako hautashika," Zaina alisema. "Mimi ndiye niliyesema ingia."

Njiti ya kwanza ilizimika, ya pili ikashika, na moto ulipoanza kupanda kutoka chini sauti ya Hajra haikupiga kelele, ingekuwa afadhali, ila ilizidi kuwa ya upole, ikasema mama, mabibo yanaungua, ikasema mama, sitachelewa tena, mama, kosa langu nini, na Zaina akazisogelea mbao mpaka nyusi zikaungua na Shaban akamkamata kiunoni, naye Zaina hakujua mwenyewe anakwenda kuzima au kuingia, akawa anasema jina la mwanawe tu, jina tupu bila neno jingine, kwa sababu neno jingine lolote lingekuwa jibu. Kisha Hajra akanyamaza. Mbao zikapasuka, na nyuma ya sauti yake ikatoka nyingine iliyokuwa chini yake. Ilikohoa kidogo. Ikasema, "Mama, mbona uliniuza?" Baada yake mtoto wa Kigiriki, kisha wa Kihindi, kisha binti aliyelia tu, na mwisho kabisa kitu ambacho hakikuwa mtoto kikavuta pumzi ndefu yenye harufu ya mwani, na hakikuitoa tena.

Ukabaki moto wa kawaida. Ng'ombe waliporudi walipita kando ya majivu bila kushtuka.

Zaina alikaa siku tatu bila kusikia chochote, na kimya kile kilimuuma kuliko mazishi. Siku ya nne akarudi Nachingwea, kwa kuwa alihisi anadaiwa habari. Bi Mwamina alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Na wangu?" aliuliza. "Alisikika?"

"Alisikika, bibi."

"Alisema nini?"

Zaina alitazama mikono ile iliyokonda. "Aliaga," alisema. "Alisema mama asilie, yeye amefika."

"Hakuniuliza kitu?"

"Hakuuliza kitu."

Bi Mwamina alimwangalia muda mrefu, mpaka Zaina akashindwa, akainamisha macho.

"Mungu akusamehe, mwanangu," alisema bibi, akamvuta akamlaza kifuani, wakalia pamoja mpaka adhana ya alasiri.