Aliyevuta Pazia

Kila siku, kabla kengele ya shule haijagongwa, Jenifa alikuwa amekwisha kuteka ndoo mbili za maji kwenye bomba la karibu na stesheni ya Kintinku, amefagia uwanja, na amemkorogea Bibi Theodora uji wa uwele. Yote hayo aliyafanya bila kusema na mtu. Bombani wasichana walipiga soga kwa Kigogo, na Kigogo cha Jenifa kilikuwa cha kuokoteza. Nyumbani, Bibi alikuwa mtu wa maneno machache tangu ujana wake.

Jenifa alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama yake alifariki mwaka uliopita kule Kiomboi. Baba, fundi wa barabara anayehamahama na kazi, akamleta Kintinku kwa Bibi Theodora, mama yake yeye mzazi, akamshika bega, kisha akapanda basi. Kila Jumapili alipiga simu, kama mtandao ulikuwepo.

Jumapili moja baada ya ibada, akina mama wa kanisa walibaki ndani wakiwa na nyuso nzito. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Manase, mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kufika sokoni.

"Jamani," alisema, "mwalimu wetu wa kwaya amehamia Mitundu. Sikukuu ya Mavuno imebaki wiki tatu, na wenzetu wa Manyoni tumekwisha kuwaita waje kututazama. Tutawaonyesha nini? Meno?"

Jenifa, aliyekuwa amekaa pembeni mwa Bibi, alijikuta amesimama.

"Mimi ninalo igizo la nyimbo," alisema. "Linaitwa Shamba la Mjane. Nimeliandika lote kwenye daftari. Lilichezwa na akina mama wa Kiomboi."

"Na wewe ulikuwa nani humo?" aliuliza Mama Manase.

Vichwa vyote viligeuka. Miezi mitano alikuwa Kintinku, na hiyo ndiyo siku ya kwanza watu kumtazama wakingoja neno lake. Jibu la kweli lilikuwa dogo mno. Akalimeza.

"Nilikuwa namsaidia mwalimu. Asipokuwepo, nafundisha mimi."

"Basi Mungu ametuletea mwalimu!" akasema Mama Manase, na makofi yakapigwa.

Kesho yake darasani, Editha, msichana wa dawati la mbele, aliinama mbele ya Jenifa.

"Shikamoo, mwalimu wa akina mama! Je, bibi zetu wakikosea utawachapa?"

Darasa zima likacheka. Jenifa akafungua daftari lake akajifanya anasoma.

Mazoezi yalianza. Nyimbo hazikumshinda, kwa kuwa alizijua zote. Tabu ilikuwa kuwapanga watu. Aliwaweka warefu mbele na wafupi nyuma, kama alivyokumbuka.

"Mwalimu," alisema Mama Manase, "mbele yangu hapa naona mgongo wa Mama Alute tu. Hao wageni wataniona saa ngapi?"

"Ndivyo ilivyokuwa Kiomboi," alijibu Jenifa.

Kila alipoulizwa neno alijibu vivyo hivyo, maana alikuwa anaogopa kwamba akiuliza jambo moja tu, watajua hajui lolote. Akina mama wakaacha kuuliza. Mazoezi yakiisha walikaa wakala karanga na kuchekeana, naye akabaki karibu na ngoma akipanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Hakuna aliyemwita "mwanangu". Walimwita mwalimu, na mwalimu hakaribishwi karanga.

Siku ya mazoezi ya tatu ilifika zamu ya kumchagua mjane, mama wa kwenye igizo anayenyang'anywa shamba na ndugu za marehemu mumewe.

"Mimi hapana," alisema Mama Alute. "Mume wangu mzima, yuko mnadani na ng'ombe wake. Nivae kaniki niseme amekufa? Nijichurie mkosi?"

"Hata mimi," alidakia Mama Manase. "Wangu anakoroma mpaka kuku wanaamka, lakini bado namtaka."

Wakacheka, lakini hakuna aliyekubali. Jenifa akaangalia huku na huku. Benchi la nyuma kabisa alikaa Mama Redempta, fundi cherehani, futi ya kupimia ikiwa shingoni, akipima kaniki ya mjane. Jenifa akamnyooshea kidole.

"Basi awe Mama Redempta. Yeye mume wake si alishakufa? Hana wa kumchuria."

Mama Redempta akaikunja futi yake taratibu, akaiacha kaniki juu ya benchi, akatoka. Hakugeuka.

"Mtoto wewe, ungeuliza kwanza," Mama Manase alisema kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. "Yule mama shamba lake lilichukuliwa na mashemeji hata matanga hayajaanuliwa."

Mmoja mmoja wakachukua kanga zao wakaondoka.

Siku ya mazoezi iliyofuata, Jumamosi, Jenifa alifika mapema, akafuta mabenchi, akangoja. Saa tisa, hakuna mtu. Saa kumi, hakuna mtu. Treni ya mizigo ikapita, mabati ya kanisa yakatetemeka, halafu kimya. Akajaribu kuimba wimbo wa kwanza peke yake. Sauti yake ilienda mpaka ukutani ikamrudia mwenyewe. Akaona kwamba kukaa bila kujulikana kulikuwa na nafuu kuliko hivi. Sasa alijulikana, na watu walikuwa wamemkimbia.

Kaniki ilikuwa bado kwenye benchi. Akaikunja, akaikumbatia, akaenda nayo hadi kwenye kibaraza cha Mama Redempta. Cherehani ilikuwa inalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipishe mwanga."

Jenifa akasogea. "Nimekuja kuomba msamaha."

"Umetumwa?"

"Hapana, mama. Nimekuja mwenyewe."

Cherehani iliendelea. Mama Redempta alizungumza bila kuinua macho. "Warefu mbele, wafupi nyuma. Mimi ni fundi, nguo naikagua mbele na nyuma. Siku ya kwanza tu nikasema, huyu mtoto igizo hili aliliona kwa nyuma. Ulikuwa umesimama wapi, Jenifa?"

"Kwenye pazia. Nilikuwa navuta kamba ya pazia. Sijawahi kumfundisha mtu yeyote. Mama yangu ndiye aliyekuwa anaimba. Mimi niliona mgongo wake tu."

Cherehani ikasimama.

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Ningewaambia, wangesema nikae. Hapa hakuna mtu anayeniita hata jina."

Mama Redempta aliichukua kaniki, akaiweka juu ya cherehani. "Mimi ni mwaka wa nne kwenye benchi la nyuma," alisema. "Wakinijia wameleta nguo. Najua unachosema. Lakini kesho baada ya ibada utawaambia ukweli. Sitakusemea."

"Na wakinifukuza?"

"Wakikufukuza, utakuja hapa unishikie pindo. Ila utakuwa umesema."

Usiku huo Jenifa hakulala vizuri. Jumapili, ibada ilipokwisha, alisimama mbele.

"Nilidanganya," alisema. "Kiomboi nilikuwa mvuta pazia. Nyimbo nazijua, kufundisha sijui. Na Mama Redempta nilimkosea mbele yenu. Ninamwomba radhi mbele yenu. Kama bado mnalitaka igizo, naomba mnisaidie."

Mwanamke mmoja akasonya. Mama Manase akaweka mikono kiunoni.

"Yaani siku zote hizi nimetazama mgongo wa Mama Alute kwa ajili ya kamba ya pazia?"

"Na mgongo wenyewe mpana!" alisema Mama Alute, na kanisa likaangua kicheko. Jenifa naye akacheka huku machozi yakimtoka.

"Sina mjane," alisema walipotulia, "na sitamchagua mtu."

Hapo Mama Redempta akainuka kutoka benchi la nyuma.

"Nitacheza mimi. Si kwa sababu mume wangu alikufa. Ni kwa sababu hilo daftari limekosea. Limeandika mjane analia kwa kelele. Mtu anayenyang'anywa shamba halii hivyo. Anasimama hivi." Akaikaza kanga kiunoni, akanyoosha shingo, akautazama mlango.

Wiki iliyobaki walifundishana. Jenifa aliimba, wao wakapokea; wakubwa walipanga nani aingie lini, naye akaandika. Wafupi wakaja mbele. Ikabaki kazi moja, na Jenifa akaenda nayo shuleni.

"Editha, tunatafuta mtu wa kuvuta pazia. Utaweza?"

Editha alitafuta neno la kejeli, akalikosa. "Kamba iko upande gani?" akauliza.

Siku ya sikukuu, wageni wa Manyoni walijaa mpaka madirishani. Editha akavuta pazia. Jenifa alisimama mbele ya akina mama, mgongo wake ukiwa kwa watu, akainua mkono. Kwa mara ya kwanza akaziona nyuso za watu wanaoimba: Mama Manase ametoa macho, Mama Alute jasho linamtiririka, na Mama Redempta, ndani ya kaniki, uso umetulia na sauti inatoka mbali. Kumbe ndivyo mama yake alivyokuwa, siku ile, upande ule ambao yeye hakuuona. Hakuushusha mkono wake mpaka wimbo ulipokwisha.

Makofi yalipokwisha na wageni kwenda kula, Mama Redempta alimkuta nyuma ya kanisa akikunja pazia. Akampa karanga kiganja kizima.

"Sikiliza, Jenifa," alisema. "Ulipodanganya ulipewa ualimu, ukabaki peke yako, kwa sababu mwongo hawezi kumwomba mtu msaada. Uliposema hujui, watu walikuja. Popote utakapokwenda, jambo usilolijua sema hulijui, kisha uliza. Na usimpe mtu kazi ya igizo kwa sababu ya kidonda chake kabla hujamwuliza yeye mwenyewe."

"Nimesikia, mama."

"Haya, shika upande huo tulikunje vizuri. Na kesho ukitoka shule, pitia kibarazani nikupime. Hiyo sketi ya shule imekuwa fupi, na mimi nimeiona kwa nyuma."