Shimo la Kupimia Maji

Maiti ya Hugues Izabayo ilikutwa kifudifudi ndani ya shimo alilolichimba mwenyewe, kwenye kiwanja kitupu cha kilima cha Mururu. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Pembeni mwa mwili lilibaki tope la kijani, mfano wa majani yaliyopondwa.

Inspekta Larissa Uwamahoro alichuchumaa ukingoni asiguse kitu. Daktari wa polisi alikwisha kusema yake: pigo moja la chuma kipana, kama beleshi, jana mchana, na marehemu hakujitetea.

"Alimpa muuaji mgongo," Inspekta alisema.

"Basi alimfahamu," akajibu Konstebo Shema.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Gracia, mfanyakazi mwenza wa marehemu. Macho yalikuwa mekundu, lakini alijibu sawasawa.

"Alikuwa anapima nini?"

"Kama hapa panaweza kujengwa nyumba. Huku hakuna bomba la maji wala la majitaka. Kila nyumba itahitaji shimo lake la choo. Udongo ukinywa maji polepole, choo kinafurika. Ukinywa haraka mno, uchafu unashuka hadi kwenye maji ya watu."

"Na hii rangi?"

"Haina madhara. Unaimwaga shimoni pamoja na maji, kisha unashuka bondeni kutazama kama itatokea."

"Ilitokea?"

"Sijui. Alisema angenipigia simu jioni. Hakupiga."

Mwenye kiwanja, Dominique, alikuwa ameketi juu ya lundo la mawe ya msingi, kofia mkononi. Alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Bukavu, akarudi na kununua ardhi hii ili awajengee mama yake na ndugu zake waliobaki huko Kongo, ng'ambo ya mto.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Bugarama, Maman Inspekta. Nilienda kutafuta simenti. Nimerudi giza imeingia."

"Hugues alikupa jibu la kipimo?"

"Hapana. Tangu juzi sijamuona. Mimi ndiye nilikuwa nangojea jibu yake. Nitamuua juu ya nini?"

Hoja ilikuwa na uzito. Anayengoja jibu hamuui wa kulitoa. Uwamahoro alimwacha na Shema, akashuka bondeni peke yake.

Njia ilikata migombani hadi kwenye chemchemi iliyobubujika kati ya mawe meusi yenye nyufa. Maji yalikuwa maangavu. Lakini kwenye kidimbwi cha pembeni, ambako maji hayakutembea, kulikuwa na kijani kile kile.

Kwa hiyo jibu lilikuwa limetoka. Hugues alilijua. Nani mwingine alilijua?

Nyumba iliyokuwa karibu ilikuwa ya mjane aitwaye Mukabera. Alimkaribisha mgeni kwa kigoda. Mlangoni palikuwa na madumu yaliyojaa maji.

"Maman, leo umechota hapa chini?"

"Leo hapana. Dominique alinikataza. Alisema, Maman, usikunywe tena hii maji. Akaniletea ya mujini na moto yake, ile pikipiki."

"Lini?"

"Jana, jua ikingali juu. Ni kijana muzuri. Nilimulisha wakati alifika huku bila muntu wa kumujua."

Uwamahoro alishukuru, akasimama. Alimwonea huruma bibi yule, maana hakujua alichokuwa amekisema.

Alipofika juu hakuketi.

"Ulisema ulirudi giza limeingia. Mukabera anasema ulimpelekea maji jua likiwaka."

Dominique alikunjakunja kofia yake.

"Tena rangi ile haidhuru," Inspekta aliendelea. "Na vyoo bado havijachimbwa. Yale maji yana ubaya gani?"

Dominique alitupia jicho mawe aliyokalia.

"Beleshi liko wapi, Dominique?"

"Hapa chini. Ndani ya mawe." Sauti ilikuwa ndogo. "Alinishusha kule, akanionyesha kijani inatoka. Akasema hapa hapajengwi, hata nyumba moja. Nikamwambia nyumba ya Bukavu tumeisha kuiuza. Mama anakaa kwa bantu, analala chini na batoto ya dada yangu. Nimuambie nini? Akasema pole. Kisha akaingia shimoni kukusanya vyombo vyake, kama vile mambo imeisha."

"Na ukamfuata."

"Beleshi ilikuwa pale tu."

Shema alitoa pingu. Inspekta alimwashiria asubiri.

"Bado hujanijibu kuhusu maji."

Dominique alitazama chini, kwenye paa la bati la Mukabera.

"Damu ilikuwa inaingia kwa udongo," alisema. "Haikukaa. Udongo ilikuwa inaikunywa tu. Nikawaza, ile maman atachota jioni."

"Kwa hiyo ulimwamini Hugues."

"Nilimuamini," akasema. "Kama singemuamini, ningejenga tu."