Sweta la Placidi na Kufuli la Bwana Othmar

Kwetu Maguu, juu milimani kwenye baridi, mtoto mdogo hatoki nje kabla jua halijakausha umande. Hiyo ni sheria ya Bibi, na nyumbani hakuna anayethubutu kuisahau. Kila asubuhi nikishafagia uwanja na kuosha vyombo, namvalisha mdogo wangu Placidi sweta la sufu, kisha tunakaa jikoni karibu na moto tukisubiri ukungu uondoke kwenye mibuni. Ikifika saa tano hivi ndipo Bibi anasema, "Haya, Yuliana, mtoe sasa." Placidi ana miaka mitatu. Hutoka mbio kama ndama aliyefunguliwa kamba.

Desemba iliyopita, shule zilipofungwa, Mama alijifungua, nasi wawili tukateremshwa ziwani kwa Shangazi Rosemary ili Mama apate kupumzika. Shangazi ni fundi cherehani katika kijiji kimoja cha mwambao, si mbali na Kihagara. Jambo la kwanza alilotusimulia ni kiwanja cha watoto. Kilikuwa na bembea mbili, mtelezo wa chuma, na banda la kupumzikia lenye bomba la maji ndani yake. Wanakijiji walikijenga wenyewe. Shangazi alibeba mchanga kichwani siku nne mfululizo, na bado anaringa nao.

"Kesho mpeleke mwenzio asubuhi na mapema," aliniambia. "Mvalishe fulana nyepesi, na mbebee maji ya kunywa. Huku si Maguu."

"Sawa, Shangazi."

Nilisema sawa ya mdomoni tu. Asubuhi, Shangazi alipokwenda sokoni kupeleka nguo za wateja, niliosha vyombo, nikafagia, kisha nikakaa kusubiri umande ukauke. Umande wenyewe haukuwapo! Lakini nilisubiri hivyo hivyo, kwa sababu nilishazoea saa za Bibi. Ilipofika saa tano na nusu nilimvalisha Placidi kaptula na fulana, na juu yake nikamvisha sweta. Nilijiambia kwamba upepo wa ziwani ni mbaya kwa kifua cha mtoto. Chupa ya maji niliisahau juu ya meza.

Kiwanjani hapakuwa na mtu hata mmoja. Nikawacheka wenyeji moyoni. Watu wana kiwanja kizuri namna hii, nao wamejifungia ndani! Kabla sijamaliza kucheka, Placidi alikuwa ameshapanda ngazi ya mtelezo. Alikaa, akajiachia, na yowe alilopiga sijawahi kulisikia tena. Nilipomnyanyua, ngozi ya nyuma ya mapaja yake ilikuwa imebabuka. Niliugusa ule mtelezo kwa kiganja nikauondoa mkono upesi, maana chuma kilikuwa cha moto kama kikaango.

Nilimbeba mbio hadi bandani nipate kivuli na maji. Mlango ulikuwa na kufuli. Juu ya mlango huohuo pameandikwa kwa rangi ya bluu: BANDA LA WATOTO NA WALEZI. Nikachungulia kwenye upenyo wa mbao. Ndani mlikuwa na magunia ya usipa, wale dagaa wa ziwa letu, yamepangwa mpaka karibu na paa. Bomba la maji lilikuwa nyuma ya magunia. Hapakuwa na nafasi ya mtoto hata mmoja kusimama.

Wakati huo mtu alikuwa anapita na baiskeli. Alikuwa Bwana Othmar, mwenyekiti wa kamati ya kiwanja. Shangazi alikuwa amenionyesha jana yake.

"Shikamoo, Mzee!" nikamwita. "Naomba utufungulie. Mtoto ameungua."

"Marahaba. Mle mna mzigo wangu, binti. Watoto hawaingii."

"Ni maji tu, Mzee. Bomba limo humo ndani."

"Nani kakwambia umlete mtoto saa hizi? Rudini nyumbani." Akakanyaga pedali, akaenda zake.

Akaenda zake! Hata leo nikiandika maneno haya damu inanichemka. Mtu mzima, ufunguo unamning'inia kiunoni, mtoto analia mbele yake, naye anafikiria dagaa! Mchanga wa banda lile aliubeba Shangazi yangu kichwani. Nani alimwambia Shangazi kwamba anamjengea Othmar ghala?

Kisha Placidi akanyamaza, na kule kunyamaza kukanitisha kuliko kilio. Shingo ililegea, mwili ukawa wa moto, akatapika begani kwangu. Ndipo nilipokumbuka sweta. Lilikuwa limelowa jasho. Nililivua haraka na kulishindilia ndani ya begi langu, na hapohapo nikasikia mtu akiita.

"Jamani, mlete huku! Mlete kivulini!"

Alikuwa Bi Subira, mwenye duka ng'ambo ya barabara. Alimpokea Placidi, akamlaza barazani, akamwagia maji mapajani polepole kwa muda mrefu. Alilowesha kanga akamfunika mwili, akampepea kwa kipande cha boksi. Mtoto alipofumbua macho, akamnywesha maji kidogo kidogo kwa kijiko. Kisha akamtuma jirani amwite Shangazi, tukampeleka Placidi zahanati.

"Joto lilimzidi," muuguzi alisema. "Mngechelewa zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine."

Jioni, Placidi alipokuwa amelala na mapaja yamefungwa, Shangazi alinikalisha kitako.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Fulana tu, Shangazi," nikajibu, nikiangalia chini.

"Basi kesho tunakwenda ofisi ya kijiji. Othmar atajieleza."

Kesho yake ofisi ilijaa. Mtendaji wa kijiji, Bwana Aidan, alikaa mezani. Mimi nilieleza kila kitu kwa sauti kubwa: mtelezo, kufuli, magunia, baiskeli. Kinamama waliguna. Bwana Othmar alitulia tuli, mikono kifuani.

"Huyu binti anatoka Maguu," alisema nilipomaliza. "Watu wa baridini wanawafunga watoto nguo kama mizigo. Muulizeni huyo mtoto alivaa nini."

Shangazi alisimama. "Alivaa fulana! Mtoto wa kaka yangu hasemi uongo."

Maneno yale yalinichoma. Sweta lilikuwa bado ndani ya begi, na begi lilikuwa mapajani pangu. Nilijua nikilitoa, Othmar atashinda. Nilijua pia kwamba nikilificha, Shangazi atakuwa amesema uongo mbele ya kijiji kizima kwa ajili yangu, naye hajui. Nikafungua zipu, nikaliweka sweta mezani mbele ya Mtendaji.

"Alivaa hili," nikasema. "Shangazi alinikataza. Aliniambia niende mapema na nibebe maji. Nilichelewa, na maji nikayasahau. Jana nilimdanganya."

Shangazi aliketi polepole. Bwana Othmar akacheka. "Mmesikia wenyewe! Shauri limekwisha."

"Halijaisha!" nikapaza sauti, machozi yakinitoka. "Sweta ni kosa langu, na nimelileta hapa mwenyewe. Kufuli ni lako, Mzee! Nilikuomba maji kwa adabu ukaenda zako. Na wewe lete magunia yako hapa mezani!"

Kwetu mtoto hamsemi mzee hivyo, nami nilijua. Nikaona sasa nitapigwa. Lakini Bi Subira alisimama.

"Nilimwona kwa macho yangu akiondoka na baiskeli," alisema. "Na tangu avue usipa wake wa Oktoba, banda halijafunguliwa hata siku moja. Mimi kila wiki nawapa maji kinamama wanaokuja na watoto. Tumeogopa kusema kwa sababu yeye ndiye mwenyekiti. Mpaka atoke mtoto huko milimani atusemee? Tuone haya!"

Hapo maneno yakamwagika. Mama mmoja alisema mwanawe naye alizirai mwezi uliopita. Mwingine aliuliza mbona wenye banda wanakaa juani na dagaa wanakaa kivulini. Bwana Othmar alisema ni kwa muda tu, kisha akasema alisahau. Mtendaji aliamua magunia yatoke kabla ya jua kuzama, na ufunguo ukae dukani kwa Bi Subira. Kamati itachagua mwenyekiti mwingine, na mtelezo utajengewa paa.

"Na wewe, binti," Bwana Aidan aliniambia, "umwombe radhi mzee kwa ile sauti."

Nilimwomba radhi kwa ile sauti. Kwa mengine sikumwomba radhi.

Tulipofika mlangoni kwake, Shangazi alisimama akanigeukia. Nilidhani sasa ndiyo nitakiona.

"Umenitia aibu leo," alisema.

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe. Sasa nisikilize. Hasira yako ilikuwa ya haki, na mtoto akionewa sitaki unyamaze kamwe. Lakini jana wewe na Othmar mlikuwa kitu kimoja. Yeye alifungia magunia bandani, wewe ulifungia sweta ndani ya begi. Leo ulifungua la kwako kwanza, ndiyo maana watu wakapata nguvu ya kumfungulisha na yeye la kwake. Ukitaka kumdai mtu ukweli, anza kuutoa wa kwako."

Siku iliyofuata nilimtumia Bibi sweta kwa mtu aliyekuwa anapanda Maguu, pamoja na barua ya kumweleza kwamba sheria yake ni nzuri ila haiteremki mlima. Mapaja ya Placidi yalipopona, tulitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, yeye na fulana yake, mimi na chupa mbili za maji. Niliugusa mtelezo kwa mkono wangu. Ulikuwa baridi. Nikamwambia apande.

Banda lilikuwa wazi, ingawa bado lilinuka usipa. Mimi na Shangazi tulikaa humo kivulini, mlango ukiwa umefunguliwa wote, tukamtazama akiteleza.